Kilulu cha Miguu Minane

Jumapili kwetu, Bel-Air, kichwa cha samaki kinabaki kwenye sahani mpaka kinapoa. Mama anakiangalia, mimi nakiangalia, nacho kinatuangalia kwa lile jicho lake jeupe, kama mgeni aliyekosea siku ya harusi. Ni samaki tomsoni, yule wa barafu, ambaye nusu ya Lubumbashi inamla na nusu nyingine inasema haimli huku imeficha miiba. Mwishowe mama ananisukumia sahani.

"Kula basi. Iko yako."

Sili. Kichwa cha bure hakina ladha. Kile nilichokuwa nakula zamani nilikipigania.

Nilikuwa nakipigania na kaku. Kaku ni babu, ndivyo tunavyosema sisi ambao wazee wetu walitoka Kasai, hata kama wengine wetu Kasai yenyewe tunaijua kwa hadithi na vilio tu. Alikuwa mwalimu mpaka walipomstaafisha, na hata baada ya hapo alitembea na kalamu tatu nyekundu katika mfuko wa shati, juu ya moyo. Kalamu nyeusi alikuwa anaazima kwa watu. Yeye ndiye baba wa baba yangu. Baba anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi na nguo chafu nyingi na maneno machache, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: kaku, mama na mimi. Na kichwa cha samaki.

Mchezo ulikuwa hivi. Mama akianza kusonga bukari, ugali wetu, kaku anachukua karatasi ya zamani ya mtihani, anaigeuza upande mweupe, anaandika mistari mitano au sita katika Kiswahili cha kitabu. Kile cha nyumbani kwetu kinatembea miguu chini, lakini kile cha mchezo kilivaa viatu na soksi. Ndani ya ile mistari anaficha kosa moja. Moja tu. Ananiwekea karatasi mbele na kusema:

"Tafuta kilulu."

Kilulu ni mdudu, yule unayemtoa katika maharagi kabla ya kupika. Nikimpata kabla bukari haijafika mezani, kichwa ni changu. Nisipompata, kaku anakila kichwa mbele yangu polepole, ananyonya jicho kwa sauti, na mama anasema, "Baba, hii ni kazi ya Shetani," na kaku anajibu kwamba ni kazi ya wizara.

Nilishinda mara nyingi, sijisifu, ninatoa taarifa. Lakini kuna Jumapili moja aliandika: "Mjukuu wangu ni mtoto mtulivu, anaheshimu wakubwa, na walimu wake wanampenda." Nilitafuta herufi moja moja. Nilitafuta koma. Nilihesabu nukta. Bukari ilifika, moshi ukanipiga usoni, sijaona kitu. Mama alichungulia juu ya bega langu, akaweka sufuria chini ili acheke vizuri.

"Mutulivu!" akasema. "Kilulu njo ile!"

Nikapiga kelele kwamba huo ni wizi, kwamba neno limeandikwa sawa. Kaku alikuwa tayari ana jicho la samaki mdomoni.

"Kilulu inaweza kujificha mu neno," akasema, "na inaweza kujificha mu ukweli. Hii ya pili njo ngumu. Kesho utaikumbuka, Kichwa ya Tomsoni."

Ndivyo alivyoniita. Kichwa ya Tomsoni. Mtu mwingine akiniita hivyo, tunapigana.

Sasa mjue kwamba kaku alikuwa pia mwandishi mpinzani. Ninasema hivyo bila kucheka, ingawa ni vigumu. Kulikuwa na chama cha walimu wastaafu, na chama kilikuwa na Rais wa Kitaifa. Wanachama karibu wote walikuwa wa upande wetu wa mji, ila mmoja alihamia Kinshasa kwa mtoto wake, na kwa sababu ya huyo mmoja, ambaye hata kwenye simu hasikii vizuri, chama kikawa cha kitaifa. Kazi yao ilikuwa kutembelea wagonjwa, kuzikana, na kubishana juu ya sarufi. Rais alikuwa inspekta wa zamani, mtu mwenye shingo nene, aliyeingia madarakani kabla sijazaliwa na ambaye kila uchaguzi ulipokaribia alipata mafua, na uchaguzi ukaahirishwa kwa heshima ya afya yake.

Huyu Inspekta alipenda kuandika komunike, matangazo ya chama. Na komunike zake zilikuwa na makosa.

Kaku alivumilia, nadhani, mpaka siku Inspekta alipoandika "sisi Rais" katika sentensi ambayo mwisho wake ulikuwa "nimechoka." Siku hiyo kaku alinunua karatasi kubwa. Aliinakili komunike yote kwa mkono, akaisahihisha kwa nyekundu kama daftari la mwanafunzi, na pembeni akaandika maoni yake. "Sentensi hii inatafuta kitenzi, atakayekiokota akirudishe." "Umesema 'mimi' kila mstari. Je, chama kina watu wengine?" Chini kabisa akaweka pointi: nne juu ya ishirini. Juu kabisa akachora mdudu mdogo wa miguu sita, na jina: BILULU, yaani kilulu wengi. Jumamosi ya mkutano, karatasi ikaonekana mlangoni mwa ile sala ya parokia, ukumbi wanaouazima.

Wazee walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Wale ni watu waliosahihisha madaftari maisha yao yote. Hakuna kitu kinachowafurahisha kama kuona mkubwa amepata nne.

Mimi nilitaka kusaidia kwa kuchora. Nilichora mdudu wangu, nikampelekea kwa majivuno. Alihesabu miguu kwa ncha ya kalamu.

"Minane. Hii ni buibui. Weye uko mu mwaka gani?"

"Wa pili ya sekondari."

"Apana. Umerudi mu primere."

Tangu siku hiyo aliponirudisha shule ya msingi, kila nikichora mdudu, mkono unaweka minane. Sijui kwa nini. Nadhani mkono wangu unapenda kuona watu wana miguu ya akiba.

Bilulu ya pili ilitoka, na ya tatu. Kamati ikamsimamisha kaku. Wazee wawili walitumwa Bel-Air kumnyang'anya kadi ya uanachama. Kaku aliwapa viti, akawapa tangawisi baridi, akawauliza habari za magoti yao, kisha akaingia chumbani akatoka na kadi ndani ya bahasha. Waliondoka wamefurahi. Ilikuwa kadi yangu ya chanjo ya utoto. Kwa hiyo juma zima ni mimi niliyekuwa nimesimamishwa katika chama cha walimu wastaafu, kwa kosa la surua.

Walimkataza kuingia ndani. Akawa anasimama nje, dirishani, mikono nyuma, na Inspekta akikosea kitenzi sauti inatoka dirishani: "Wakati uliopita, Prezida!" Nilienda naye mara kadhaa. Nilikuwa nasimama pembeni yake kwenye lile dirisha, juu ya matofali mawili, na sikumbuki mahali pengine duniani nilipojisikia mrefu vile.

Mwishowe mafua ya Inspekta yaliisha nguvu, hakuna aliyeyaamini tena. Wazee walimrudisha kaku ndani, uchaguzi ukafanyika. Kaku alishinda kwa mikono iliyoinuliwa, na yule wa Kinshasa aliinua wake kwa simu. Walimleta Bel-Air kwa miguu, wazee wote katikati ya barabara, wanaimba kama darasa lililopata likizo, magari ya kampuni yanapiga honi nyuma, mmoja anapiga ndoo. Mama alitandika pagne, kitenge chake, mlangoni ili apite juu yake. Nilicheza mpaka kiatu kikafunguka. Mnisamehe, nilifurahi. Nilidhani sasa nchi nzima itakuwa inatafuta kilulu.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni kiti. Kile chenye mikono, cha sebuleni kwetu, kilikwenda sala ya parokia na hakikurudi. Cha pili ni bango: plastiki kubwa, picha ya kaku amevaa koti la mtu mwingine, chini yake RAIS WA KITAIFA, MAONO NA MATENDO. Waliifunga kwenye lango letu. Nilipokuwa natoka kwenda masomo asubuhi, kaku aliniangalia kutoka huko juu kwa sura ya mtu aliyekanyagwa akakatazwa kulia. Cha tatu ni kashe, muhuri wa mpira wenye wino wa zambarau. Alipiga kashe barua, alipiga kashe bahasha, alipiga kashe buletini yangu ya masomo mahali pa sahihi ya mzazi, na prefe wetu, mkuu wa shule, akaniuliza kama nimehamia wizarani.

Mama aliendelea kumheshimu kama zamani, lakini heshima ilianza kumchosha.

"Baba, bukari inapoa."

"Prezida anakuya," alijibu kaku kutoka chumbani, kana kwamba walikuwa wawili humo ndani na yeye ametumwa kujibu.

Jumapili ya kwanza ya utawala wake nilimwekea karatasi ya mtihani karibu na mkono, upande mweupe juu. Alikuwa anaongea kwenye simu na katibu wake juu ya bango la pili. Alipomaliza aliiangalia ile karatasi, akaikunja, akaifutia kidole.

"Kaku, kilulu?"

"Mwananchi," akasema, na alitabasamu, kwa hiyo nilidhani ni mzaha, "audiensi iko siku ya tatu."

Akachukua kichwa cha samaki. Hakukinyonya hata. Alikila kama mtu anayefungua barua.

Basi nami nikaomba audiensi, nafasi ya kuonana na mkubwa. Mzaha kwa mzaha. Niliandika barua nzuri katika Kiswahili cha viatu na soksi: "Mheshimiwa Rais wa Kitaifa, mimi raia wako wa chumba cha pili, ninaomba nafasi ya kutafuta kilulu kama zamani." Nilificha ndani yake makosa matatu. Matatu! Moja lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mbuzi angesimama. Nilimpa mkononi. Siku ya tatu, siku ya audiensi, barua ilirudi chini ya mlango wangu. Ilikuwa na kashe ya zambarau, IMEPOKELEWA, imepigwa sawasawa katikati. Niliigeuza. Niliishika juu ya dirisha ili mwanga upite. Hakukuwa na alama moja nyekundu. Makosa yangu yote matatu yalikuwa yamekaa pale pale, yamenona, hakuna mtu aliyeyagusa.

Kuna watu wanalia kwa sababu mwalimu amewasahihisha sana. Mimi nililia siku ile kwa sababu nyingine, na nikimwona mtu darasani analia kwa ile ya kwanza, namwambia hajui bahati yake.

Sasa nifike kwa rafiki yake.

Kaku alikuwa na rafiki mmoja wa kweli, mwalimu wa hesabu, anayekaa Naviundu karibu na mto. Walipokuwa vijana, walimu wapya, walipanga chumba kimoja. Mwalimu wa hesabu alipata ugonjwa wa kifua na akawa hatoki kitandani. Kabla ya urais, kaku alikuwa anakwenda kwake kila Alhamisi kwa miguu, na huko walikuwa wanabishana. Baada ya urais hakuwa na Alhamisi. Alikuwa na ratiba.

Jumamosi moja mama alinichukua twende kumsalimia mgonjwa, na mkate na ndizi. Tulimkuta amekaa juu ya mito, mwembamba, anacheka peke yake.

"Karibuni ku kilio," akasema. "Muliniletea mauwa?"

Mama alishtuka. "Kilio ya nani, baba?"

"Yangu."

Akanipa barua. Ilikuwa na kashe tatu. "Rais wa Kitaifa, kwa niaba ya Kamati na matawi yote ya nchi, anaungana na familia katika msiba wa mpendwa wetu marehemu." Halafu jina lake mwenyewe, limeandikwa sawa, hakuna herufi iliyopungua. Katibu alikuwa ameambiwa aandike barua ya kumwombea mgonjwa, akachukua ile ya mazishi ya mwezi uliopita na kubadilisha jina. Chini kulikuwa na sahihi ya kaku, ndefu, yenye mkia.

Tulicheka. Ningefanyaje? Mwalimu wa hesabu alikuwa anacheka mwenyewe, anakohoa na kucheka, anasema, "Bananizika na kashe tatu! Petero ataniacha nipite!" Mama aliziba mdomo kwa kitambaa.

Kisha akaacha kucheka. Aliichukua barua mikononi mwangu, akaikunja polepole.

"Mutoto, niambie kintu kimoja. Kaku yako aliisoma hii?"

"Aliisaini, mwalimu."

"Kusaini naona. Aliisoma?"

Yeye aligeukia ukuta.

"Zamani tulikuwa tunabishana juu ya koma moja mpaka chai inapoa," aliuambia ukuta. "Koma moja."

Njiani kurudi mama alikuwa anasema mambo ya mkate. Mimi nilikuwa tayari ninaandika kichwani. Mtu anayejua kosa linaweza kujificha katika ukweli alikuwa ametia sahihi chini ya "marehemu" na hakumwona mdudu mkubwa kama ng'ombe. Nilitaka amwone. Sikutaka aanguke, hilo niliandike wazi, kwa sababu baadaye watu walisema mambo. Nilitaka anishike sikio na kusema, Kichwa ya Tomsoni, hapa umesahau koma.

Nilinunua karatasi kubwa. Niliinakili barua yote, isipokuwa jina la mgonjwa. Nilisahihisha kwa nyekundu. Neno "marehemu" nililizungushia duara mara mbili, na pembeni nikaandika: "Marehemu anakusalimia, anauliza utakuja lini." Chini: tatu juu ya ishirini, arudie mwaka. Juu kabisa: BILULU, na mdudu. Jumamosi iliyofuata, kabla ya mkutano, nikaibandika mlangoni, kisha nikaenda kusimama dirishani, juu ya matofali yale yale mawili.

Ni Inspekta aliyeiona kwanza. Sijawahi kuona shingo nene namna ile ikifurahi. Aliingia nayo ndani akaisoma kwa sauti ya kanisani, mstari kwa mstari, na wazee walianza kucheka kama zamani. Alipofika kwenye "Marehemu anakusalimia," walicheka tena, halafu kicheko kikakatika, kwanza mbele, kisha katikati, kisha nyuma, kwa sababu wote walijua marehemu gani bado yuko kitandani Naviundu, na wengi wao pia hawakuwa wamekwenda kumwona.

"Nani aliandika hii?" akauliza Inspekta. "Prezida, tunataka kujua. Muntu wa hii karatasi iko mu hii sala. Tumufukuze, ao yee atufukuze sisi?"

Kaku alikuwa amekaa kwenye kiti chetu. Alinyoosha mkono, akapewa karatasi. Akavaa miwani. Alisoma yote, na alisoma kweli, niliona midomo inatembea. Kisha kidole chake kikapanda juu mpaka kwa mdudu, na nikaona kinagusa, kinasogea, kinagusa. Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilijua kabla hajafika sita. Kikagusa cha saba. Kikagusa cha nane.

Aliinua kichwa na kuangalia moja kwa moja dirishani.

Ningeweza kushuka kwenye matofali. Nilibaki pale juu, aniangalie.

"Ni miye," akasema kaku.

"Weye nini?"

"Ni miye niliandika."

Kelele zikapanda. Inspekta alikuwa amebaki na mdomo wazi. "Weye mwenyewe, Prezida? Unajipatia tatu?"

"Tatu ni huruma. Ningejipatia mbili." Akavua miwani. "Kusahihisha njo kazi yangu. Nilikuwa nimeiacha, nimeirudilia leo."

Akatoa kashe mfukoni, akaiweka juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akatoka. Hakuna aliyempigia ndoo.

Tulirudi Bel-Air sisi wawili. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu, yeye mbele, mimi nyuma hatua tatu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha na mzaha mmoja kama msamaha ungekwama. Karibu na lango, chini ya picha yake mwenyewe, alisimama bila kugeuka.

"Kilulu iko na magulu ngapi?"

"Sita, kaku."

"Basi."

Hilo ndilo neno la mwisho la kweli aliloniambia. Juma lililofuata alifunga sanduku lake na kwenda kukaa Naviundu kwa shangazi, binti yake, nyumba ya pili kutoka kwa mwalimu wa hesabu. Mama alimfuata mpaka barabarani.

"Baba, tulikukosea nini?"

"Apana, mama. Kule kuko muntu nilizika. Ninaenda kumufufula."

Kutoka Bel-Air mpaka Naviundu ni mwendo wa miguu tu. Nimewahi kukimbia yote bila kusimama, kwa sababu nilikuwa nimefukuzwa na mbwa. Nasema hivyo ili mwelewe kwamba sijamkosa mtu aliyekwenda Ulaya. Nimemkosa mtu aliye nyuma ya barabara, na hiyo ni mbaya zaidi, maana huwezi hata kulaumu ndege.

Inspekta ni Rais wa Kitaifa tena. Komunike zake sasa zinatembea na makosa yao hadharani, bila aibu, mkono kwa mkono. Kiti chetu amekikalia yeye. Bango mama alilikata, anafunika nalo makala, yaani mkaa, zisinyeshewe. Ukiingia uani unakutana na nusu ya uso wa kaku juu ya gunia, jicho moja, na neno MATENDO. Mvua ikipiga pale inatoa sauti kama mtu anayepiga kashe. Wazee wakikutana nami barabarani wananinong'oneza, "Kaku yako, ile Bilulu, itatoka lini?" Nasema sijui. Nyuma ya kabati nilipata kalamu yake moja nyekundu, bado ina wino. Nilijaribu kuandika nayo Bilulu moja juu ya Inspekta, ilikuwa kali, ilikuwa na mzaha wa mafua. Niliisoma mara mbili peke yangu kisha nikaikunja. Hakukuwa na mtu wa kuniambia mahali ilipokosea.

Naenda Naviundu Jumapili mchana. Nawakuta wawili kitandani kwa mwalimu wa hesabu, mmoja amelala, mwingine amekaa ukingoni na gazeti la zamani, wanagombana.

"Hapa inatakiwa koma."

"Weye wa hesabu, koma yako weka mu namba."

Mgonjwa amenenepa mashavu. Kufufuliwa kunamfaa. Nikiingia, kaku ananikaribisha vizuri, vizuri sana, kama mkaguzi.

"Masomo inaenda?"

"Inaenda, kaku."

"Muzuri."

Na hapo ninasimama na mikono yangu. Nataka anitukane. Nimejaribu kila kitu: nimekuja na soksi tofauti, nimesema "watoto tulikwendaga" mbele yake kwa makusudi. Anatikisa kichwa na kurudi kwenye koma. Mwalimu wa hesabu ananitazama juu ya gazeti, anainua mabega.

Mwezi uliopita niliacha karatasi kwenye kitanda chake kwa shangazi. Ilikuwa karatasi ya mtihani, upande mweupe. Nilichora mdudu wa miguu minane, na kwa mara ya kwanza mkono ulifanya hivyo kwa amri yangu. Chini niliandika mstari mmoja, bila kosa la herufi: "Kwetu hatuna shida, na kichwa cha samaki kinaliwa vizuri."

Nilisubiri Jumapili moja. Mbili. Alhamisi iliyopita shangazi alipita Bel-Air kumletea mama sombe, kisamvu kibichi, na kati ya majani kulikuwa na karatasi yangu iliyokunjwa. Niliifungulia uani, mbele ya lile jicho moja la plastiki.

Miguu miwili ya mdudu ilikuwa imekatwa kwa nyekundu. "Kinaliwa vizuri" ilikuwa na mstari chini yake, na alama ndogo ya kosa pembeni. Hakuweka pointi. Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa ubaoni, kulikuwa na maneno manne:

"Siku moja nitapita kwenu."

Nimesoma maneno hayo manne mara nyingi kuliko somo lolote la mwaka huu, na prefe anaweza kuthibitisha. Herufi ziko sawa. Nukta ipo. Kitenzi kiko katika wakati ujao, kama inavyotakiwa. Kwa kila kanuni niliyofundishwa, ile sentensi ni safi, na mtu mwenye akili angeikunja na kusema: mzee ameandika kwamba atakuja kusalimia, basi.

Lakini yule mtu hajawahi kuniandikia sentensi safi maishani mwake.

Leo asubuhi nilichukua kalamu yake, ile ya nyuma ya kabati. Nikazungushia duara neno la mwisho. Juu yake nikaandika: "kwetu." Mama ameshaanza kusonga bukari, nasikia mwiko. Nimemwambia aniwekee kichwa cha samaki kwenye bakuli lenye kifuniko, ninakipeleka Naviundu pamoja na karatasi. Kama nimekosea, akile mbele yangu, polepole, na anyonye jicho.